Benki Chini ya Buibui

Wako watu ambao hawajaibiwa hata sindano, lakini ukiwasikiliza utadhani wameponea chupuchupu katika kila mji wa dunia hii. Ngwali alikuwa mmoja wao. Mchana kutwa alipakia mizigo kwenye ndege pale uwanjani Dallas, jioni akarudi Euless kwenye nyumba yao ya kupanga, akavua viatu, akaanza kumfundisha mkewe namna ya kusafiri. Mwenyewe, tangu aingie Texas, safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Houston kwa dada yake. Masanduku ndiyo yaliyozunguka dunia. Yeye aliyashika vishikio tu.

Mkewe, Badria, alimvumilia kwa miaka. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi akiwa na wenzake na kimya akiwa na mumewe, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya wazee iliyokuwa karibu na kwao. Mshahara wake uliingia kwenye akaunti ya Ngwali na kupotelea humo. Alichokuwa nacho cha kwake, cha kwake hasa, ni bangili nane za dhahabu alizovishwa na marehemu mama yake siku ya arusi, huko Zanzibar. Na kwao dhahabu ya mke ni ya mke. Mume hata awe mkali vipi, hapo hana kauli. Badria alikuwa amekwisha kata shauri kwamba zile bangili ni za Amna, binti yao wa pekee, na Amna alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mombasa aliyekuwa akiishi Katy, karibu na Houston. Arusi ilipangwa kufanywa Desemba ile ya mwaka 2004. Badria alikuwa akilala na kuamka na picha moja tu kichwani: mikono ya mwanawe ina hina, ina bangili za bibi yake, na wanawake wa upande wa bwana arusi wanaitazama.

Mwezi wa Septemba Ngwali akaja na habari ya meli. Wangeipanda Barcelona, ipite Marseille, Napoli, Palermo na Tunis, kisha iwarudishe. Alisema pesa zimetokana na ovataimu. Badria hakuamini masikio yake, maana mtu huyu alikuwa akilalamikia hata bei ya kitunguu. Lakini nani atakataa? Alifurahi mpaka akaona aibu.

Ikabaki dhahabu. Dhahabu haiachwi katika nyumba tupu, na mambo ya masanduku ya benki wanawake wa kwao hawakuyataka; dhahabu huwekwa amana kwa mtu. Ngwali akasema ipelekwe kwa Jannat, dada yake, Sugar Land, kando ya Houston. Wakaendesha gari hadi huko, Badria akamkabidhi wifi yake kifurushi mkononi, wakakumbatiana, wakala biriani, wakarudi.

Siku chache kabla ya safari Ngwali akamwamuru mkewe ashone mkanda wa kitambaa cha kanga, wenye mifuko, wa kufungwa kiunoni.

"Mimi si mjinga nika-carry wallet kule," alimwambia. "Wezi wa kule wanakuchomolea huku unawatazama. Lakini chini ya buibui nani atatia mkono? Pasi za safari, pesa, kadi, kila kitu kwako. Wewe ndiye benki yangu, Mama Amna."

"Na wewe utabeba nini?"

"Mimi nitabeba macho."

Basi Badria akawa benki. Hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yake. Alikula na mkanda, alilala na mkanda, alipanda ngazi za makanisa na mkanda ukimkwaruza mbavu. Hakuruhusiwa kuugusa mpaka Ngwali atoe amri, na amri haikutoka ila kwa shida. Melini hakuna anayelipa taslimu: kila abiria hupewa kadi, akinunua kitu inapigwa kwenye mashine, na siku ya mwisho analetewa hesabu yake. Ngwali aliiona kadi hiyo kuwa mtego wa panya. Akakataza soda, akakataza kahawa ya nje ya mlo, akakataza picha. Kila walipotaka kushuka bandarini alijaza chupa ya maji ya bomba na kuificha kwenye soksi. Chumba chao hakikuwa na dirisha, kwa sababu dirisha ni ghali, na Badria alizunguka bahari nzima ile akiwa anaisikia tu ukutani.

Sheria zake alizirudia kila asubuhi wakati mkewe akijifunga ule mkanda. Kitu cha thamani hakitolewi mbele za watu. Ukimwagiwa kitu na mtu usimkubalie akufute, huyo ana mwenzake nyuma yako. Na tukipotezana, aliyepotea akae palepale, asitembee, asimuulize mtu njia, mwenzake atamfuata. Mezani aliwahubiria hata Wazungu, mzee mmoja na mkewe kutoka Ohio, ambao walikuwa wamezunguka dunia mara mbili. Walimsikiliza kwa adabu. Siku ya pili walihamia meza nyingine.

Marseille Badria aliona mtandio wa hariri wa rangi ya komamanga, akautaka kwa ajili ya Amna. Aliushika, akauachia, akaushika tena.

"Baba Amna, huu tu."

"Pesa za kuchezea unazo?" Ngwali alisema kwa sauti, mbele ya mwenye duka. "Umechuma wewe?"

Badria akaurudisha mtandio. Aliona haya mpaka usiku.

Huko Napoli alimwomba mumewe jambo dogo: amruhusu ampigie simu wifi yake. Alikuwa amekumbuka kwamba bangili mbili zimepinda, na masonara wa Kihindi wa Hillcroft, kule Houston, huwa wana kazi nyingi ikikaribia Krismasi. Ngwali alikuwa amesimama mbali kidogo akimchunga mtu aliyemshuku, mzee wa watu mwenye fimbo. Akaitikia bila kusikiliza vizuri. Badria akanunua kadi ya simu kwa chenji ya chai, akaingia kwenye kibanda.

"Wifi, bangili gani tena?" Jannat alisema. "Si Ngwali alizichukua?"

"Alizichukua lini?"

"Ile weekend iliyofuata. Ali-drive peke yake. Akaniambia Badria amekubali, tuziuze, pesa ya kusafiria haijatosha. Mimi mwenyewe nilimpeleka kwa sonara. Wifi, hukujua?"

Badria alisema alikuwa anajua, amesahau tu. Kwa nini alisema hivyo hakujua mwenyewe. Labda ni ile tabia ya kumsitiri mume mbele ya dada yake, tabia ambayo wanawake tunanyweshwa pamoja na maziwa. Akakata simu. Akasimama mle kibandani na mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni, ukaugusa mkanda juu ya nguo. Hizo hapo pesa za bangili zilizobaki. Alikuwa akimlindia mwizi wake mali aliyomwibia, na alikuwa akiilinda vizuri sana.

Alimkabili chumbani, mlango umefungwa. Hakupiga kelele. Alimuuliza tu.

Ngwali alikuwa amekaa kitandani akikuna kisigino. Mtu mwingine angeona aibu. Huyu aliudhika kwa kuulizwa.

"Na ulidhani meli hii inakwenda kwa dua?" alisema. "Umekula, umelala, umeona miji ambayo mama yako hakuiota. Ile dhahabu ilikuwa imelala tu. Nimekupa dunia, unanililia vyuma."

"Ilikuwa ya Amna."

"Amna, Amna. Wala si mimi peke yangu niliyeamua," akasema, akazima taa.

Badria hakuuliza alimaanisha nini. Alidhani ni uongo mwingine wa kujikingia. Alilala chali gizani, mkanda umemkaba, akisikiliza mumewe anavyokoroma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa alimchukia waziwazi, bila kujitafutia sababu ya kumsamehe. Chuki hiyo ilimpa usingizi mzuri.

Asubuhi meli ilikuwa Palermo. Walizunguka sokoni, wakatazama samaki, wakatazama vitu visivyonunuliwa. Alasiri, wakiwa njiani kurudi, tumbo likamsokota Ngwali kwa sababu ya yale maji ya bomba. Kulikuwa na choo cha umma kando ya bustani, na mlangoni amekaa mama mmoja na kisahani cha sarafu.

"Nipe senti hamsini," Ngwali alisema, amejibana. "Haraka. Na usisimame karibu na watu."

Badria akapeleka mkono chini ya buibui, akampa sarafu moja. Ngwali akaingia. Kwenye mkanda mlikuwa na pasi yake, kadi yake ya meli, pesa zote. Mfukoni mwake mlikuwa na leso.

Badria alisimama kidogo akimtazama yule mama na kisahani chake. Kisha akageuka, akaenda zake bandarini kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Langoni akaonyesha kadi yake, akapanda.

Hakuwa mwizi, na alitaka ijulikane hivyo. Alikwenda kwenye meza ya wahudumu, akawakabidhi pasi ya mumewe, akawaambia wamepotezana mjini. Wakamtuliza, wakamletea chai ya bure. Wakamweleza kwamba meli haimsubiri mtu, lakini pasi itaachwa kwa wakala wa bandari na bwana wake ataipata. Walimuuliza kama bwana ana pesa. Badria akasema bwana ana macho.

Jina la Ngwali likatangazwa meli nzima, limetamkwa vibaya, likarudiwa, likarudiwa tena. Badria alilisikia akiwa chumbani, amekaa kitandani, anakula visheti walivyotoka navyo Euless na ambavyo Ngwali alikuwa akivigawa viwili viwili. Alimjua mumewe. Alijua yuko palepale kando ya choo, hatembei, hamuulizi mtu njia, anamsubiri mwenzake amfuate kama sheria inavyosema, na atakaa hapo mpaka honi ya meli imtoe akili. Na ndivyo ilivyokuwa. Alipofika bandarini akikimbia, walinzi hawakumpitisha. Hakuwa na karatasi yoyote ya kusema yeye ni nani, na miaka ile mtu mwenye jina lake na ndevu zake, anayekimbilia meli huku akipiga makelele, hakuchukuliwa kuwa mtalii. Walimlaza kituo cha polisi kwanza, maswali wakamuuliza baadaye.

Meli ilipoanza kutikisika Badria akaufungua mkanda. Ngozi ya kiuno ilikuwa imechubuka pande zote mbili. Akajipaka mafuta, akalala katikati ya kitanda.

Mjini Tunis aliingia soko la dhahabu peke yake, akamwaga mkanda wote mezani kwa sonara. Aliondoka na bangili tatu. Kisha akamalizia safari. Usiku wa mwisho aliagiza soda kwa ile kadi ya meli, akainywa polepole.

Ngwali alirudi Texas siku nyingi baada yake, amekonda, kwa nauli aliyotumiwa na Jannat. Hakusema kitu msikitini ila kwamba meli ilifanya kosa. Nyumbani hakusema kabisa. Walikuwa wakipishana jikoni kama wapangaji. Lakini Amna alikuja mbio kutoka Houston alikokuwa akiishi, macho mekundu, na hakumsalimu mama yake vizuri.

"Mom, you left Dad," alisema. "In Italy. With nothing."

"Aliuza bangili zako, mwanangu. Za bibi yako."

"I know. He asked me." Amna akavuta pumzi, akajaribu kwa Kiswahili, taratibu. "Mimi nilimwambia sawa. Sizivai, Mama. Nobody wears those. Nilisema bora mwende vacation, you guys never go anywhere."

Badria akamtazama. Alikuwa amezileta zile tatu kwenye kitambaa, ziko mapajani mwake, na mkono wake ukazifunika. Hakulia. Alijiona mpumbavu, na upumbavu ule ulimuuma kuliko wizi. Mume kumwibia ni jambo moja. Mtoto kumuuza bila kujua anamuuza, hilo hakuwa na pa kuliweka.

Desemba ikafika. Katika ukumbi wa Houston wanawake walikuwa tele, udi unafuka, na bi arusi amekaa juu, amepambwa. Shangazi zake bwana arusi walikuwa wamekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya siku hiyo. Wakamsogelea kwa vigelegele, wakaishika mikono yake, wakaigeuza kutazama hina. Kisha mkubwa wao akaipandisha mikono ya gauni taratibu, mpaka kwenye kiwiko, akitafuta. Hapakuwa na kitu. Akamtazama mwenzake. Yule naye akatazama chini, akainua nyusi, na vigelegele vikapungua meza kwa meza.

Amna aliliona, na uso ukamwiva chini ya poda. Akageuka kwa mama yake aliyekuwa amekaa pembeni yake. Buibui la Badria lilikuwa limepanda kidogo, na kwenye kifundo cha mkono ziling'aa bangili tatu. Amna akainama, akaingiza mkono wake wenye hina ndani ya ule wa mama yake.

"Mama," alinong'ona. "Please. Kwa leo tu."

Badria akautoa mkono wake polepole, akashusha buibui mpaka kwenye vidole, akatabasamu kwa ajili ya wageni.

"Kitu cha thamani hakitolewi mbele za watu," alisema. "Muulize baba yako."