Kofia Kwenye Msumari

Mjomba wangu ana kichwa kigumu, na huwa namwambia hivyo usoni. Pale gereji wamembandika jina la Serikali ya Nini, maana ndilo swali lake kwa kila mteja anayesubiri gari. "Hapa nani anatupangia? Hakuna. Je, kazi haziendi?"

Zinaenda, siwezi kukataa. Mafundi wote tunatumia ukuta mmoja wa vifaa, usio na kufuli wala mlinzi. Ukichukua spana, unatundika kofia yako kwenye msumari wake, kila mtu aone nani kaazima. Asiyetundika anapewa kisogo: hasalimiwi, hasaidiwi kuinua injini, mpaka aombe radhi. Fundi umeme, jeuri kupindukia, alinuniwa kidogo tu akanywea.

Basi akaja tajiri mmoja akipunga hati yenye mhuri wa serikali. Akasema uwanja wa gereji ni wake, keshokutwa analeta tingatinga kubomoa.

"Mpeni kisogo!" mjomba akaamuru.

Tukampa. Wapi! Mtu ana magari mapya tupu, spana zetu za nini kwake? Alicheka, akaondoka zake.

Mchana ule mjomba hakugusa chakula. Ujana wake wote umeishia uwanjani pale. Kwa grisi ya pale alimsomesha mama yangu. Roho ikaniuma sana.

"Mjomba, twende mahakamani."

"Kwa wale wale waliompa hati?"

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Tukaenda. Hakimu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alitusikiliza hadi mwisho, akatoa zuio: kisibomolewe kitu mpaka kesi iamuliwe. Tingatinga lilipokuja, askari mmoja mwembamba alilisimamisha na karatasi ile mkononi, dereva akageuza. Gereji nzima tulipiga kelele za furaha kama watoto.

Nikamgeukia mjomba. "Haya, Serikali ya Nini! Umeiona kazi yake?"

"Na ile hati ya tajiri aliitoa nani?" Bado mbishi, mzee wa watu. Ndipo nikaona upara wake unang'aa juani.

"Mjomba, kofia yako iko wapi?"

"Nimeitundika mlangoni kwa hakimu," akajibu, wala hatabasamu. "Si tumeazima kitu pale?"