Jina Lililomsubiri Askari

Wapo wanaosema Mwingereza alitutawala kwa upole. Siku hizi nawaachia waseme, maana nikibishana nao presha inapanda. Baba yangu aliwatumikia mara mbili, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa kama anataka.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa vita vikuu, kabla hajaoa. Mkuu wa kijiji chetu, ng'ambo ya Busisi, aliagizwa atoe vijana, akamtoa. Vita vilipokwisha alirudi, akaoa, akanizaa mimi, akalima pamba yake akidhani yamekwisha. Kumbe aliyevaa sare ya Keya, lile jeshi la wakoloni, alikuwa bado mtu wao. Kulipochafuka Kenya kwa vita vya msituni, Waingereza wakamfuata shambani, na jembe likabaki kwenye tuta. Kukataa ilikuwa jela. Mama alikuwa na mimba kubwa.

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa kuvuna. Kwetu jina la mtoto hutolewa na baba. Baba mkubwa naye anaweza kulitoa, lakini kwa mtoto wa marehemu tu. Baba mkubwa wetu alikuwepo, mtu wa heshima zake, na hakuthubutu. Angefungua mdomo angekuwa amemzika mdogo wake akiwa hai. Basi tukangoja, na tukamwita Mtoto.

Nilimbeba mgongoni mpaka akanishinda uzito. Akatambaa, akatembea, akaanza kunijibu jeuri, bado ni Mtoto. Wenzangu walinicheka kisimani kwamba hata ng'ombe wa kwetu wana majina. Niliwapiga, nikapigwa, nikarudi na mtungi mtupu.

Baba mkubwa alivuka ziwa hadi Kigongo akaenda Mwanza, bomani, kumwombea baba likizo. Walimweka juani tangu asubuhi, kisha karani akamwambia kwamba askari ni mali ya Serikali. Aliuliza kama yu hai. Akajibiwa kwamba angekuwa amekufa tungeshaambiwa. Ndilo jibu alilotuletea, na mama akaishi kwa hilo kama chakula.

Kisha Mtoto akashikwa na homa, akawa anatetemeka usiku na mchana. Bibi alimwambia mama ampe jina lolote, asije akafa bila kuitwa. Mama alikataa. Nilimchukia kwa hilo, nasema kweli, kwa sababu mgongo uliombeba ulikuwa wangu. Leo najua alikuwa ameshika kamba yenye watu wawili, na hakujua amwachie yupi. Homa ilipoa yenyewe.

Baba alirudi Mtoto akiwa mkubwa wa kuchunga mbuzi. Alikuja kwa miguu kutoka kivukoni, amekonda, na nilipomwambia shikamoo aliitika akitazama mlango. Mama hakumpa hata nafasi ya kupumzika vizuri. Pombe ilipikwa, ndugu wakaja, Mtoto akaogeshwa, akapakwa mafuta, akasimamishwa mbele yake. Mama alikuwa anacheka. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena.

Baba alimtazama yule mtoto, kisha akawatazama ndugu.

"Majina yote ninayoyajua yana wenyewe," alisema, "na wenyewe niliwaacha msituni."

Ndugu walidhani ni uchovu. Bibi akamtajia majina ya ukoo mmoja mmoja, na kila moja alitikisa kichwa. Mwishowe alimgeukia baba mkubwa.

"Kaka, mpe wewe."

"Wewe upo hai, mdogo wangu."

"Mpe."

Baba mkubwa alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, akatamka jina, taratibu, na Mtoto akaitika kama alivyofundishwa. Mama akainuka, akafungua kitambaa chake kichwani, akatoka uani. Tukamsikia akianza kilio cha msiba, kile cha mjane, na baba akiwa ameketi pale pale akimsikiliza. Hakuna aliyekwenda kumnyamazisha.