Kifurushi Alichokishona Bi Mkubwa

Mtu asiyewahi kumwaga mapipa ya uwanja wa ndege hajui binadamu ni mchafu kiasi gani. Watu wanakuja wamevaa vizuri, wananukia, na wanachotumbukiza humo kinatia kinyaa: nepi zilizojaa, maembe yaliyoliwa nusu, juisi ya miwa iliyochacha, kombe za pwani ambazo wanyama wake bado wamo ndani, wanaoza. Hizo kombe huzitupa wakishasoma ubao unaosema haziruhusiwi kutoka nchini. Wanaozitupa wanaondoka zao, mimi ndiye ninayezichota. Glovu zenyewe hupasuka.

Lakini kazi hiyo ilinipa cheo Michenzani. Katika jengo letu, kila aliyemfungia msafiri mzigo alipita kwangu kwanza, kwa kuwa ubao ule nimeufuta vumbi mpaka nimeuhifadhi. Karafuu hazitoki bila kibali. Nyama na maziwa nchi nyingi hawataki. Vya majimaji visibebwe mkononi. Nilijiona afisa forodha, na sikatai, nilipenda.

Ndiyo maana jirani yangu wa mlango wa pili, mama mtu mzima tunayemwita Bi Mkubwa, aliponiambia mwanawe anakuja kutoka Ulaya baada ya miaka mingi, neno la pili lilikuwa kuniuliza amfungie nini wakati wa kurudi.

Mwana akaja. Nilimchukia siku ile ile. Alifikia hoteli ya Mji Mkongwe, kwa mamake alikuja kama mgeni, na chupa yake ya maji ya dukani kwapani. Akatusomea kwenye simu ushauri wa afya wanaopewa wasafiri: kisichochemshwa, kisichopikwa wala kumenywa, kisiliwe. Ushauri wenyewe si mbaya, kipindupindu tunakijua. Ila mamake alikuwa amepika, na chungu kilikuwa bado kinatokota mbele yake. Akachovya ncha ya kijiko, akasema ameshakula hotelini, kisha akajipaka mikononi dawa ya kuulia vijidudu. Maji ya bomba la jengo lile ndiyo yaliyomkuza.

Bi Mkubwa hakuona, au alijifanya haoni. Wiki nzima alikuwa akihangaika na kifurushi chake. Alikaanga visheti, akasaga bizari ya pilau mwenyewe, akatafuta papa mkavu na kutengeneza achari ya ndimu. Nikapitisha ukaguzi wangu. Papa nilimtoa. Achari nikaitoa. Karafuu kiganja kimoja alizozificha ndani ya bizari nikazichambua moja moja, naye ananitazama machozi yanamlengalenga. Vilivyobaki tukavifunga ndani ya kanga yake kuukuu yenye alama ya kuungua kwa pasi pembeni, akaishona kwa uzi mwekundu. Kifurushi cha amana kwetu hushonwa, na anayepelekewa ndiye anayekata uzi.

"Itapita?" akaniuliza.

"Itapita, Bi Mkubwa. Humo hamna kinachokatazwa."

Siku ya safari nilikuwa zamu ya mchana. Nilimwona mwanawe akishuka kwenye teksi, kifurushi amekishika kwa vidole viwili. Nilikuwa na sare na barakoa, hakunijua; mfagiaji hana sura. Hakuingia mlangoni. Hakufika kwenye mashine wala mbele ya afisa yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la nje, akakitumbukiza, akatoa ile dawa yake akajipaka mikono.

Nilisubiri aingie ndani ndipo nikatia mkono. Kifurushi kilikuwa kimelalia nepi, na maji ya embe bovu yameshaingia kwenye visheti. Uzi mwekundu ulikuwa mzima. Nikatapika pale pale, mimi niliyezoea uvundo miaka yote hiyo, kisha nikachukua dekio nikafuta matapishi yangu mwenyewe.

Jioni Bi Mkubwa aliniita kutoka mlangoni kwake. Nikaitika naam, nikatoka.

"Mwanangu kanipigia simu," akasema. "Kasema forodha wamemnyang'anya. We ulinambia itapita."

Kifurushi kilikuwa jikoni kwangu, ndani ya ndoo, hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Ningemletea tu auone uzi wake haujakatwa. Forodha gani wanaochukua kitu bila kukifungua? Ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikamtazama uso wake, nikaumeza uchafu wa mwanawe mzima mzima.

"Nlikosea, Bi Mkubwa. Sheria zimebadilika."

"Papa wangu ukamtoa," akasema, "na vile ulivyoviacha navyo havikupita."

Tangu hapo, mtu wa jengo letu akitaka kusafiri, Bi Mkubwa humwambia asije kuniuliza mimi, sijui kitu. Mwanawe humpigia simu kila Ijumaa, na dua anazoombewa nazisikia ukutani. Kanga nimeifua mara nne. Kuirudisha siwezi, na kuianika kwenye kamba ya nje siwezi, ile alama ya pasi ataijua. Naianika ndani, nyuma ya kabati. Huko haikauki vizuri, na chumba changu sasa kinanuka pipa.