Siku Niliyofundisha "Ambush" kwa Vitendo

Mimi nafundisha Kiingereza sekondari ya Mpui, na ugonjwa wangu ni kupenda vitendo. Juzi kidato cha pili walikuwa wanachanganya maneno ya mashambulizi ya ghafla. Nikawaeleza kwamba "raid" ni kuvamia mahali, unabeba unachotaka, unaondoka. "Ambush" ni kujificha ukimvizia mtu apite. Wakanikodolea macho tu.

Basi nikaamua kuwaonyesha. Kiranja, Leonsia, alikuwa ameenda ofisini kuchukua chaki. Nikajibanza nyuma ya mlango na kuwaagiza wenzake kwamba nikimrukia, wote wataje neno la Kiingereza la tendo hilo.

Tukasikia hatua. Nikaruka mikono juu, nikanguruma kama simba.

Hakuwa Leonsia. Alikuwa mama mmoja wa makamo, amevaa kitenge cha kanisani, na kikapu cha unga wa ulezi kichwani.

"Yesu na Maria!"

Kikapu kikaanguka, unga wote ukanimwagikia mimi. Kisha mwavuli wake ukanishukia mgongoni, mara tatu.

"Ambush!" darasa likaitikia kwa furaha. Siku hiyo hakuna aliyekosea.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikikohoa unga.

Aliwageukia wanafunzi, bado anahema.

"Wanangu, huyu kichaa mtoeni. Mimi namtafuta mwalimu Deus. Ameleta posa kwa binti yangu Edita, nikasema kabla hatujajibu, nipite nimwone alivyo mtulivu."

Nikaanza kulisogelea dirisha. Darasa zima, bila kuagizwa, likaninyooshea kidole.