Niliomba msaada wa code kwenye group, SMS zote zikaingia kwa baba mkwe

Wakuu, hamjambo huko mliko? Huku Kitale baridi imetukalia vibaya, naandika nikiwa na koti ndani ya nyumba.

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Ukidhani nimeongeza chumvi, mchumba wangu Nekesa yuko humu humu jukwaani anasoma, na huwa hanionei huruma.

Mimi naitwa Njoro, mzaliwa wa Saboti. Kazi yangu ni kuandika program. Ofisi sina. Nina laptop, meza na chumba kimoja juu ya duka la mbolea.

Nekesa kwao ni Sirisia, Bungoma. Baba yake ni Mzee Wafula, mfugaji wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ni mtu wa maneno machache.

Mzee hakunichukia. Lakini alikuwa na shida moja na mimi na hakuificha. Alimwambia Nekesa hivi:

"Huyo kijana nimeona yeye mara mbili, na mara zote mbili ako peke yake. Anakaa kwa nyumba na mashine. Siku ya shida nani atakuja? Mimi siwezi peana msichana kwa mtu hana watu."

Wakuu, hapo aliniumiza. Wazazi wangu walishatangulia mbele ya haki, na ndugu sina. Nimebaki na baba mdogo mmoja, Kamau. Na Mzee alikuwa ameshasema nije Jumamosi kujitambulisha, nije na watu wangu.

Watu gani sasa?

Nikaona kama watu sina, basi nimwonyeshe akili.

Kuna daktari wa mifugo hapa mjini alikuwa ameniomba program ya kuwakumbusha wafugaji kwa SMS siku ya ng'ombe kuzaa. Nikaamua Mzee Wafula ndiye awe mtu wa kwanza kabisa kupokea ujumbe wake. Mtu mwenye busara angejaribu kwanza na namba yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Jumatano asubuhi nikaandika: "Mzee Wafula, ng'ombe wako Sofia anazaa leo." Tarehe nilibuni tu. Halafu, kwa kiherehere changu, nikaiambia program imalizie kila SMS na maneno haya: "Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, Njoro."

Nikabonyeza. Program ikaandika: IMESHINDIKANA.

Nikarudia. Imeshindikana. Nikabadilisha hiki na kile, nikarudia mpaka zikafika mara nane. Imeshindikana. Nilikasirika nikaipiga meza, chai ikamwagika.

Sasa, tuna group yetu online ya coders, waandika program wa pande hizi. Sheria ya pale ni moja: ukileta shida, leta code yote, yaani maandishi ya program, jinsi ilivyo, wenzako waiendeshe kwao waone. Ukileta picha ya screen iliyokatwa nusu unatukanwa mpaka unahama group.

Nikatii sheria. Nikabandika code yote.

Yote, wakuu. Pamoja na key yangu, yaani yale maneno ya siri yanayomruhusu mtu kutuma SMS kwa akaunti yangu. Pamoja na namba ya Mzee.

Nikaandika chini yake, "Wazee saidieni, hii kitu haitumi."

Lazima niwasifu wale watu. Hawajawahi kuniona hata siku moja, lakini ndani ya dakika kumi watu kama ishirini walikuwa wameacha kazi zao wanahangaika na yangu. Kila mmoja aliiendesha kwake, akaona IMESHINDIKANA, akabadilisha ujumbe kidogo, akajaribu tena. Mwingine anasema ni network. Mwingine anasema ni laptop yangu imezeeka. Wawili waligombana vibaya kuhusu toleo la Python, lugha ya kuandikia program, nikalazimika kuwaamua.

Mimi nimekaa tu, moyo umejaa shukrani.

Saa nane mchana akaingia dada mmoja wa Webuye, tunamwita Dada Semicolon. Yeye haendeshi kitu kabla ya kusoma. Akasoma mstari kwa mstari, halafu akaandika:

"Njoro, kampuni ya SMS ikikubali ujumbe inajibu 201. Wewe umeambia program kwamba jibu lisipokuwa 200, imeshindikana. Hii program yako iko sawa. Imekuwa ikituma tangu asubuhi."

Halafu akaongeza:

"By the way, hiyo namba ni ya nani?"

 

Kabla sijajibu, simu ikalia. Nekesa.

"Njoro, umekunywa nini leo?"

"Nekesa, wacha nikueleze..."

"Papa ameshinda kwa boma ya ng'ombe tangu asubuhi! Ameita daktari wa ng'ombe wa huku atoke sokoni na pikipiki. Daktari ameangalia Sofia, akasema bado miezi miwili. Sasa simu inalia kila saa, ati unamtukana."

"Simtukani mimi!"

"Si umejiandika jina?"

Hapo ndipo nilipokumbuka ile sahihi.  Nikaomba msamaha, nikamwambia nitaelewa wakifuta mambo ya Jumamosi.

"Hajafuta," akasema. "Amesema ukuje. Ati hiyo siku atasoma hizo SMS."

Jumamosi tukafika Sirisia, mimi na baba mdogo Kamau. Wawili. Upande wao walikuwa wamejaa sebule, shangazi na wajomba, mpaka wengine wakakaa nje ya mlango.

Mzee akavaa miwani, akatoa simu, akasoma polepole kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Zile nane za Sofia zikapita, zikafuata hizi.

"'Test test moja mbili. Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, Njoro.'"

"'Hello world. Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, Njoro.'"

"'Mbona hujibu, unaringa? Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, Njoro.'"

"'Fanya kazi wewe takataka. Ni mimi mkwe wako mtarajiwa, Njoro.'"

Shangazi mmoja alikuwa analia kwa kucheka, leso mdomoni. Baba mdogo anaangalia viatu vyake. Mzee alizisoma zote, sitini na tatu, bila kuruka hata moja, na uso wake hakuna aliyeuelewa.

Kisha akaniuliza, "Hizi maneno ni yako?"

"Nane za kwanza, Mzee. Zingine ni za watu walikuwa wananisaidia kutengeneza program."

"Ni watu wa kwenu?"

"Hapana. Wako kila mahali. Sijaonana nao hata mmoja."

"Na wariacha kazi yao?"

"Waliacha."

"Kwa sababu umesema uko na shida?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wao wakikuwa na shida?"

"Huwa nawasaidia. Wiki hii nilishinda asubuhi yote na mtu wa Malaba, form yake ya online ilikuwa inakataa tarehe za kuzaliwa za watu."

Mzee akavua miwani. Nikaanza kupima umbali kati yangu na mlango.

"Mimi niriogopa wewe huna watu," akasema. "Kumbe watu unao. Ni adabu tu hawana."

Wakuu, sebule nzima iliangua kicheko, na mimi machozi yakanitoka mbele za watu. Sioni aibu kulisema. Tangu nifiwe na wazazi wangu hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba nina watu.

Tulikubaliwa siku hiyo hiyo.

Funzo: kabla ya kubandika code mbele za watu, toa key, toa namba za simu, na ujaribu na namba yako mwenyewe. Na 201 pia ni ndiyo.

Mnaweza kucheka sasa, na aliyewahi kujiaibisha na code atupe yake hapa chini. Lakini wale wa group mlioshika ile code Jumatano, naomba kila mmoja aandike jina lake halisi kwenye comments. Mzee amesema kwenye harusi upande wangu ni nyinyi, na mama Nekesa anataka idadi kamili ya wanaokuja ili ajue atapika sufuria ngapi.