Kiingereza cha Kaburi la Mama

Miaka ile wanunuzi binafsi walipomiminika Bariadi kugombea pamba yetu, Kiingereza nacho kilipanda bei. Kinyozi alikuwa na kibao cha Kiingereza, muuza chapati hivyo hivyo. Nilikuwa nacheka tu, mpaka kilipofika kwenye kaburi la mama.

Kaka yangu alikuwa wakala wa kampuni moja ya pamba, na mabosi wake wa Mwanza walitarajiwa kuja kijijini kwetu Dutwa siku ya kusimika jiwe. Akataka liandikwe Kiingereza wasije wakamwona mshamba. Baba, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza, alikubali kwa sharti moja: jiwe liseme kwamba mama hakuwahi kugusa ugali kabla waliokwenda kuchunga hawajarudi. Ndivyo alivyokuwa. Hata akiwa mgonjwa, chakula chake kilikaa kimefunikwa kwa ungo, naye pembeni anatazama njia. Kijiji kizima kilimjua kwa hilo.

Sentensi ya Kiingereza niliiandika mimi, kwa maneno mepesi. Kaka akanikokota mpaka kwa mwalimu wa sekondari, eti aikague kama inasikika kama Kiingereza cha wenyewe. Mwalimu akaisoma kwa sauti, midomo kaibana kama anaonja maziwa yaliyoharibika.

"Makosa haina," akasema. "Ila Waingereza hawasemi hivi. Sijaiona popote."

"Ungeiona wapi, mwalimu? Mama alikuwa wa hapa."

"Dada yangu, hasira za nini? Mzungu akisoma hapo atashangaa. Kaburi na ugali wapi na wapi?"

Kaka akaangua kicheko. Kinyaa kilinishika mpaka nikatamani kutema mate pale pale sakafuni. Wanaume wawili ambao hawajawahi kuhudhuria msiba wa Mwingereza hata mmoja, wamekaa kwenye viti wanampima mama yangu kama anawafaa Waingereza! Na huyo anayecheka ndiye aliyekuwa akichunga. Ugali ule ulikuwa ukipoa kwa kumsubiri yeye.

Mwalimu akaikata sentensi yangu, akaandika nyingine ambayo alisema ndiyo inayotumika kila mahali. Kaka akamshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya jiwe, mabosi hawakuja. Walimtuma dereva na kreti za soda. Baba akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya herufi, polepole, uso umemchangamka.

"Mayu," akaniita, kama Wasukuma tunavyomwita mama au binti, "nionyeshe palipoandikwa ugali."

"Muulize mwanao, baba."

Kaka akakohoa. "Imeandikwa: pumzika kwa amani, mama mpendwa."

Baba akangoja. "Endelea."

"Imeishia hapo, baba."

Mzee akaondoa kidole kwenye jiwe, akakifuta kwenye shuka lake.

"Mmeleta la mtu mwingine," akasema. "Mrudishieni mwenyewe."