Kwetu Vikombe Havitikiswi

Mama alipotoka Unguja alileta dele moja na majivuno yote ya kahawa yake. Pale Ibra, Omani, miaka ya themanini ilipoingia, wanawake wa mtaani walikuwa wakija kwetu kila asubuhi kunywa, na mimi, binti yake, kichwa kilinivimba.

Kisha Mama akaanza kubadilika. Kwanza alipotewa na mpangilio. Yeye aliyekuwa akipikia watu ishirini huku akisimulia, sasa anachemsha maji na iliki, kahawa hatii, kisha anakaa kuyatazama. Halafu zikaja hasira, naye alikuwa mpole mpaka anaudhi. Akatushuku kuwa tunamsengenya. Mwili nao ukaanza kumchezacheza. Daktari wa Maskati alisema ni ugonjwa wa Huntington, unashika ubongo, tena hurithiwa. Si kiburi wala si shetani. Nikamkumbuka babu, baba yake Mama, aliyeitwa mkorofi maisha yake yote. Tulimdhulumu.

Huku, mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe, naye anayemimina hukipokea. Asubuhi moja jirani yetu mzee ndiye aliyekuwa akimimina. Mkono wa Mama ukatikisika wenyewe. Jirani akachukua kikombe, akampa mwingine.

"Mnaninyima kahawa ndani ya nyumba yangu!" Mama alipiga kelele, akalirusha dele ukutani.

Wageni waliondoka. Shangazi akanivuta kando. "Mwanangu, wageni wakija mamako akae chumba cha ndani. Aibu hii."

Niliwaka. Mama afichwe? Nilipita nyumba kwa nyumba, nikasema bila ya haya kwamba yale ni maradhi, na kikombe cha Mama kisichukuliwe mpaka aseme mwenyewe. Nilirudi sijui kama atakuja mtu.

Kesho yake walikuja wote. Jirani mzee akalishika lile dele lililobonyea, akamimina. Mkono wa Mama ukatikisika.

"Bado, dada?"

"Bado."

Akamimina tena. Jirani mwenyewe aliposhiba hakutikisa chake. Alisema, "Mie khalas." Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wala hakuna aliyewaagiza. Nilikwenda jikoni nikalia kwa fahari.

Miezi ikapita. Siku moja bibi harusi mgeni kutoka Al Qabil alitikisa kikombe, akamiminiwa. Akatikisa tena, akamiminiwa, mpaka cha tano, macho yamemtoka.

"Kwangu kikombe hakitikiswi, mwanangu, husemwa," Mama akamwambia, akacheka, na mkono wake ukacheza utakavyo mbele ya watu.